Yasini Moja Kabla ya Kuzima

Sehemu ya sita

Aliyekosa gazeti la wiki jana namwambia hivi tu: mume wangu Shaaban alikufa, akaniachia binti mmoja, Mwaisha, na mashine ya kusaga pale Nyasubi, Kahama. Ulikuwa mwaka wa themanini na moja. Dizeli ilikuwa ya kibali, na kibali chenyewe ukipata unakesha kwenye foleni. Mashine za wenzetu zilisimama moja baada ya nyingine. Yetu haikusimama, kwa sababu Shaaban aliilisha mafuta machafu ya hotelini, yaliyokwisha kukaangia maandazi na samaki hadi yakawa meusi. Moshi wake ulinukia jikoni mtaa mzima. Watoto wa shule wakaiita Mashine ya Maandazi.

Nilisema pia kwamba nusu ya mashine ile ilinunuliwa kwa jasho la Majaliwa, mdogo wake marehemu, aliyekuwa machimboni Geita. Alikuja kuzika, akabaki kuendesha mashine. Mimi nikaingia eda, miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba kinachopakana ukuta mmoja na kibanda cha mashine.

Nikaishia pale nilipomsikia shemeji yangu kupitia dirishani, jioni, anasoma sura ya Yasini mbele ya injini.

Leo nasema nilichokifanya. Sijapata kumwambia mtu, hata yule mama mzee aliyenisimamia eda.

Kwenye ukuta ule wa pamoja, upande wa kibandani, yalitundikwa madebe mawili, kila moja na koki yake. Dogo la dizeli, kubwa la mafuta machafu yaliyochujwa kwa kitambaa. Asubuhi unaiwasha injini kwa dizeli. Ikishapata moto unafunga koki ya dizeli, unafungua ile nyingine, unasaga mchana kutwa kwa mafuta ya maandazi. Jioni, kabla ya kuzima, unairudisha kwenye dizeli ili isafishe mabomba. Usipofanya hivyo mafuta yanalala ndani ya bomba, na baridi ikija yanaganda.

Uirudishe kwa muda gani? Shaaban hakuwa na saa. Aligeuza koki, akakaa juu ya gunia, akasoma Yasini tangu mwanzo hadi mwisho. Akimaliza, anazima.

"Yasini moja kabla ya kuzima, Mama Mwaisha," alikuwa akiniambia. "Ukiizidisha, dizeli inaisha. Ukiipunguza, asubuhi utalia."

Majaliwa alimwona kaka yake akisoma. Koki ikigeuzwa jioni hakuiona. Alidhani ni dua tu, ya kuiombea mashine baraka.

Basi jioni ile, ya kwanza yeye kuizima mwenyewe, alisoma vizuri, na sauti yake ilifanana na ya marehemu hadi nikashika ukuta. Lakini mimi naijua mashine ile kwa masikio na kwa pua. Ikirudi kwenye dizeli mlio unakuwa mkavu, na moshi unaacha kunukia maandazi. Yasini ikafika katikati, ikafika mwisho. Moshi ulikuwa bado unanukia maandazi.

Injini ikazimwa.

Kutoka kitandani hadi dirishani ni hatua nne. Maneno yenyewe ni mawili: shemeji, koki.

Nikanyamaza.

Nilijiambia niko eda, si vizuri sauti yangu itoke nje kwa wanaume. Uongo mtupu. Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimemgombeza muuza maziwa kupitia dirisha lile lile, kwamba maziwa yake yana maji.

Sababu yenyewe ilikuwa nyingine. Ilikuwa imeletwa na jirani yangu Paskalina, pamoja na bakuli la michembe, vile viazi vikavu vya kuchemsha.

"Mama Mwaisha, wewe umekaa humu unahesabu siku, wenzako wanahesabu mashine."

"Kwa vipi?"

"Shemeji yako kabadilisha kufuli."

"La zamani lilikuwa bovu."

"Haya. Na karatasi ya mashine? Jana nimemkuta kwa mjumbe wa nyumba kumi, kaitoa kwenye koti, wanaisoma wawili, vichwa vimegusana. Nilipopita wakanyamaza kama nimewafumania."

"Pengine ni mambo ya kibali."

"Pengine nini! Mtu katoka machimboni yule. Akikuta mali anachimba, akimaliza anahama, anakuachia shimo."

"Astaghfirullah, Paskalina. Usinitie dhambini niko eda."

"Mimi dhambi zangu naungama Jumamosi. Wewe kula michembe."

Nilikula. Na maneno yake nikayameza pamoja nayo.

Siku ya pili mashine ilikohoa sana kabla ya kuwaka. Jioni shemeji akasoma Yasini, hakugusa koki, akazima. Mimi nikanyamaza.

Siku ya tatu alikuja Mageni, mwenye hoteli ya pale stendi. Yeye ndiye aliyekuwa akitugawia mafuta yake machafu, sisi tukimsagia mahindi yake. Alisimama chini ya dirisha langu na debe kichwani, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, Mageni. Umeleta?"

"Nimeleta, lakini sikiliza. Mafuta ya pamba hayapo dukani mwezi wa pili huu. Nakaangia ya ng'ombe. Haya yanaganda kama mshumaa. Marehemu alikuwa akiyachanganya kwanza na yale laini, halafu jioni anasafisha bomba mpaka basi. Umwambie shemeji yako."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Kaenda kwa mjumbe, nasikia."

Tena kwa mjumbe.

"Nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Debe lile lilikaa uani, utando mweupe juu yake. Nikamwona shemeji anarudi, analichukua, analimimina lote kwenye debe kubwa. Jioni akasoma Yasini yake, tena siku hiyo akasoma polepole, kwa unyenyekevu. Akazima.

Ilikuwa kipupwe. Asubuhi ya nne ukitoa pumzi unaiona.

Wateja walikuwa wameshapanga ndoo na magunia. Ngassa, mkulima wa Ushetu, alikuwa amelala njiani na mkokoteni wake wa ng'ombe ili awe wa kwanza. Nikasikia hendeli inazungushwa. Mara moja. Mara tano. Injini haitoi hata kikohozi.

"Wewe mchimbaji, umekula jana au hujala?" mwanamke mmoja akauliza. "Zungusha kiume!"

"Isomee tena Yasini," mwingine akasema. "Labda jana haikusikia."

Wakacheka. Na mimi ndani, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kisha kivuli kikaja dirishani.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

"Samahani kukusumbua na eda yako. Una kiberiti?"

"Sigara asubuhi yote hii?"

"Hapana. Bomba limeganda. Nataka nilipashe moto kidogo."

Nataka uelewe vizuri hapa, ndugu msomaji. Aliniambia. Hakunificha. Na mimi nilijua kwamba bomba lile halipashwi kwa moto hata siku moja, kwa sababu kila maungio yake yalikuwa yanavuja mafuta, na debe la dizeli liko juu yake. Shaaban lilipomgandia, alilizungushia matambara, akalimwagia maji ya moto ya birika. Mara mbili nilimshikia birika mwenyewe.

Birika lilikuwa jikoni nyuma yangu, juu ya mkaa, linachemka. Nilikuwa nimelitenga kwa ajili ya chai.

"Kiko hapo juu ya dirisha," nikasema. "Chukua."

"Ahsante, shemeji. Mungu akulipe."

Sikutaka aungue. Nilitaka bomba lipasuke, watu wamcheke zaidi, akate tamaa, arudi zake Geita bila mashine yangu. Hayo tu. Lakini kiberiti kilitoka kwangu, na aliniombea malipo kwa Mungu, na malipo nimeyapata.

Nilisikia kwanza kama mtu anapuliza mshumaa kwa kishindo. Halafu kelele.

Majaliwa alitoka mbio akiwa mzima. Mzima kabisa, nyusi tu zimebabuka. Mashahidi wapo. Ngassa, kwa wema wake, akachota ndoo ya maji pipani.

"Usimwage maji!" nikapiga kelele kutoka dirishani. "Mchanga! Ni mafuta hayo, mwageni mchanga!"

Siku nne sauti yangu ilikuwa eda. Siku hiyo ikatoka, na hakuna aliyeisikia. Ngassa akamwaga. Mafuta yale yakaruka na moto wake yakashika nyasi za paa la kibanda, ulimi ukapanda kwenye ukuta wangu.

Nikavuta blanketi, nikatoka kwa mlango wa nyuma, kichwa wazi, miguu mitupu. Nikalilowesha pipani. Nikazunguka nyumba.

Nilipofika mbele nilimkuta Majaliwa anautazama ukuta ule. Amenipa mgongo.

"Shemeji yumo ndani!" akasema.

"Atatoka," Ngassa akamwambia.

"Huyo hatoki! Nyie hamumjui. Yuko eda huyo, atakufa humo kuliko kutoka!"

Halafu akarudi motoni. Alitaka kulitoa debe la dizeli ukutani kwangu kabla halijalipuka.

"Shemeji! Niko hapa! Niko nje!"

Nilikuwa hatua kumi nyuma yake. Moto una kelele, wasomaji wangu. Asiyewahi kuusikia hajui.

Alitoka amelikumbatia debe kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, na debe linawaka. Akalitupa mtaroni. Akaanguka. Nikamfunika blanketi langu, nikamlalia juu, mbele ya wanaume wote wa Nyasubi, na eda yangu na kila kitu.

Gari lenye mafuta halikupatikana mji mzima. Tulimpeleka hospitali ya masista kwa mkokoteni wa Ngassa. Ng'ombe wale walitembea polepole, na kila gurudumu lilipoingia shimoni alisema, "Yaa Latifu." Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na wanawake waliokuwa wakicheka asubuhi walinishika mikono, wakasema, "Tazama anavyompenda shemeji yake."

Siku tisa nilikaa ndani. Moto ulikuwa umezimwa kwa mchanga, ukuta umesimama, injini imebaki chuma cheusi chini ya jua, ingawa fundi mmoja alisema inatengenezeka. Mwaisha alitoka shule akakuta mtaa mzima kimya, ule mlio haupo.

"Mama, sasa tutakula nini?"

"Mungu yupo."

"Na baba mdogo atapona?"

Nikampa ndoo akachote maji.

Bi Chausiku, yule mama mzee aliyenisimamia eda, alinipigania kwa sheikh. "Huyu ameshatoka mara moja bila ruhusa, kwa moto," alimwambia. "Bora atoke mara ya pili kwa ruhusa, kwa mgonjwa." Sheikh akasema niende, nirudi kabla ya magharibi.

Mlangoni pa wodi nilipokewa na Sista Eufrasia, mfupi, miwani imefungwa kwa uzi.

"Wewe ndiye shemeji?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Kila akipata fahamu anauliza kama ukuta wako umesimama. Nimechoka kumjibu, kamjibu mwenyewe." Akanipa koti lililofungwa kwa kamba. "Hili ni lake. Alilitundika nje asubuhi ile ndiyo maana halikuungua. Mna karatasi humo, kasema uisome."

Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini maandishi ya mjumbe wetu ni makubwa, nayasoma. Ilisema kwamba yeye Majaliwa, kwa hiari yake, anampa nusu yake yote ya mashine Mwaisha binti Shaaban, na mama yake aiendeshe mpaka mtoto akue. Mjumbe alikuwa ametia sahihi. Mahali pa Majaliwa palikuwa patupu.

Nikamwonyesha Sista mahali pale.

"Alitaka aweke dole gumba mbele yako siku utakayotoka eda," Sista akasema. "Sasa anaogopa hataifikia siku hiyo. Amemwita mjumbe aje leo mchana na kidau cha wino. Dole la kushoto ndilo lililosalimika. Tumelifungua makusudi."

Kwa hiyo hicho ndicho alichokuwa akikifuata kwa mjumbe. Na kufuli? Niliuliza baadaye. Kulikuwa na mtu anatuibia dizeli.

Nilimkuta amefungwa vitambaa hadi machoni. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya shuka, umefungwa wote isipokuwa dole lile moja.

"Assalaam aleikum, shemeji."

"Wa aleikum salaam." Sauti ilitoka mbali. "Umetoka eda?"

"Kwa ruhusa."

"Ukuta?"

"Umesimama."

"Alhamdulillahi." Akapumzika kidogo. "Nilijua hungetoka, shemeji. Niliwaambia. Nikasema huyo ni mcha Mungu, hatoki."

Nilifunga macho.

"Umeisoma karatasi?"

"Nimeisoma."

"Mjumbe yuko njiani. Tumalize hilo, nilale." Kisha dole lile likapapasa shuka. "Shemeji, vidonda vinauma, lakini kuna kinachoniuma zaidi. Nilisoma Yasini kila jioni. Sikuruka hata aya moja. Kaka akisoma, asubuhi mashine inaamka. Mimi nikisoma, inakufa. Nimelala hapa siku tisa najiuliza. Nina dhambi gani mimi, hata Mungu haitaki Yasini yangu?"

Hapo ndipo nilipofika, wasomaji wangu. Kidau cha wino kiko njiani. Dole liko wazi. Mwanangu yuko nyumbani na njaa. Nilichotakiwa kufanya ni kile kile nilichokifanya siku nne: kunyamaza.

Lakini mtu anakufa anadhani Mola wake amemkataa. Na aliyemkataa ni mimi.

"Yasini yako haikuwa na kasoro," nikasema.

"Ila?"

"Koki. Kaka yako alikuwa akigeuza koki kwanza, inarudi kwenye dizeli. Yasini ilikuwa kipimo cha muda tu, ili bomba lisafike. Wewe ulisoma bila kugeuza."

Kitambaa cha usoni kilipanda na kushuka.

"Koki," akasema. "Koki tu?"

"Koki tu."

Nadhani alicheka. Ilikuwa pumzi fupi, kama ya mtu aliyetuliwa gunia. "Mungu hana neno na mimi, basi."

"Hana."

"Sasa nani mwingine alilijua hili, mbona hakuna aliyeniambia?"

Nje ya dirisha nilisikia kengele ya baiskeli. Nayajua mapigo ya mjumbe wetu, mawili mawili.

"Mimi nilijua," nikasema.

"Ulijua lini?"

"Tangu jioni ya kwanza. Nilikuwa nasikia, nanusa. Jioni zote tatu. Na Mageni alinipa maneno nikupe, sikukupa."

"Na kiberiti?"

"Birika lilikuwa jikoni, shemeji. Lilikuwa linachemka. Ndiyo dawa yake, maji ya moto. Nilikupa kiberiti."



"Nilirudi ndani kwa ajili yako," akasema.

"Najua. Nilikuwa nje, nyuma yako. Nilikuita."

Hakuniuliza kwa nini. Ningemwambia: ile karatasi. Ningemwambia Paskalina na michembe yake, na jinsi nilivyoogopa kubaki na mtoto bila kitu. Nilikuwa nimeyapanga yote ulimini. Hakuniuliza.

Nikaliona dole lile linarudi nyuma polepole, likaingia chini ya shuka.

"Sista," akaita.

Sista Eufrasia akaja.

"Mtoe huyu mama nje."

Nilitoka mwenyewe. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, karatasi mapajani, mjumbe akanipita na mkoba wake kwapani, akanipa pole, akaingia. Mlango haukufungwa. Nilimsikia akisalimia, hakujibiwa. Nikamsikia akifungua mkoba.

"Haya, Majaliwa, mimi nimefika na wino wangu," mjumbe akasema. "Naambiwa shemeji yako yuko hapo nje na karatasi. Nimwite?"

(Itaendelea)